Hodi kwenye Kompyuta ya Mezani

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani na laptop ya mume wangu. Ile ya mezani ilikuwa na Windows 10. Kijana wetu aliporudi likizo kutoka chuoni akasema Windows 10 imekwisha muda wake, na mashine yenyewe ni kuukuu mno kwa Windows 11, basi akaifuta akaweka Linux Mint. Sikatai, inakimbia kuliko zamani. Ila kijana karudi chuoni na kuniachia kitendawili.

Usiku naandika mitihani kwenye laptop, na printa iko kwenye ile ya mezani. Nahamisha kwa fleshi. Ninazo tatu, na ya tatu imetoka steshenari na balaa: folda zote zimegeuka shotikati, nikibofya hazifunguki, na mtihani wa Kidato cha Pili umo humo.

Nikamwita fundi jirani. Anasema hizi kompyuta haziongei lugha moja, dawa ni kuwasha kitu kinaitwa SMB 1 kwenye Windows na kuruhusu kila mtu aingie bila nywila. Kabla yake nilijaribu mwenyewe kufungua folda ya laptop kutoka Linux. Ikaomba jina na nywila. Mume wangu akaandika ile ile anayofungulia laptop kila asubuhi, ikakataa mara nne. Sasa anahisi namshuku kwamba ananificha nywila. Anasema pia hata ikikubali, bando letu litaisha kwa kuhamisha picha za harusi ya mdogo wake. Nifanyeje?

Mwalimu wa Fleshi Tatu, Morogoro


Mwalimu, shikamoo kama unanizidi umri. Kama nakuzidi mimi, marahaba nimeshaipokea.

Tuanze na mume wako, kwa sababu ndoa ni kubwa kuliko mtandao. Hiyo nywila anayoandika kila asubuhi ina tarakimu ngapi? Kama ni nne au sita, basi hiyo ni PIN. PIN ya Windows imefungwa kwenye laptop hiyo hiyo moja na haisafiri kwenye mtandao. Kompyuta nyingine ikija nayo mlangoni inaambiwa haijulikani. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti yenyewe, ile aliyoweka siku alipofungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe yake, kisha akaisahau maana tangu siku ile anaingia kwa PIN. Hata jina linalotakiwa huenda ni hiyo barua pepe nzima, wala si "Baba Fulani" linaloonekana kwenye kioo. Mwenzio hakufichi kitu.

Nayajua haya kwa machungu. Sikukuu moja ya Idi nilikwenda kwa shemeji yangu Tanga, akaniomba dakika tano tu nimuunganishie kompyuta zake mbili. Nikabadilisha waya. Nikazima ruta nikaiwasha. Nikaanza kuisema Linux vibaya mbele ya watu, na biriani likapoa. Saa tatu zilipopita, binti yake wa darasa la sita aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu akauliza, "Kwani hiyo si namba ya baba ya kufungulia tu?" Tangu siku hiyo, kabla sijagusa waya wa mtu, nauliza tarakimu.

Bando nalo lisiwaumize kichwa. Picha zikitoka kwenye laptop kwenda mezani zinapita kwenye ruta ya nyumbani na kuishia hapo, haziendi mnarani zikarudi. Hata kifurushi kikiwa kimekwisha tangu jana, zitapita. Kitakacholiwa ni muda. Mkichomeka mashine zote mbili kwenye ruta kwa waya, na ruta ikawa ya megabiti 100, tarajia megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Picha za gigabaiti 8 ni kama dakika 12. Kwa wifi inategemea kuta na umbali, na mimi picha za harusi huwa nazihamishia sebuleni karibu na ruta, sizihamishii chumbani.

Sasa fundi. Dalili ameiona sawasawa, alichokosea ni dawa. Naamini alifungua ile orodha ya Network kwenye Windows, akaona kompyuta ya mezani haimo, akakata shauri kwamba haziongei. Zamani orodha hiyo ilijazwa kwa utaratibu uliokwenda sambamba na SMB 1. Windows za sasa zinatafuta majirani kwa njia nyingine, na Linux Mint yako haijibu kwa njia hiyo mpaka uiwekee programu ndogo iitwayo wsdd. Kutoonekana kwenye orodha hakumaanishi kutokuwepo nyumbani. Jirani asiye na kibao mlangoni unamfikia ukijua nyumba yake, na nyumba yake hapa ni anwani ya IP.

Hiyo SMB ndiyo itifaki ambayo Windows hutumia kugawana mafaili na printa. Ilizaliwa IBM mwaka 1983, ikalelewa na Microsoft, na toleo lake la kwanza lilizeeka vibaya. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa ndani ya SMB 1. Wengi hawakukiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu hilo, kikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, kikafunga mafaili na kudai fidia. Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa. Mwishoni mwa mwaka Windows 10 mpya zikaanza kuja SMB 1 ikiwa imezimwa, na mwaka 2019 upande wa Linux nao ukaizima. Fundi wako anataka kufungua dirisha ambalo pande zote mbili zimelipigilia misumari. Asiliguse.

Na hilo la kila mtu kuingia bila nywila, Mwalimu, wewe unatunga mitihani! Kila mtoto wa jirani mwenye namba ya wifi yenu angeusoma mtihani wa Kidato cha Pili akiwa kibarazani, simu mkononi. Isitoshe Windows 11 za karibuni zenyewe zinakataa milango isiyo na nywila, kwa hiyo mngeishia kushusha ulinzi wa laptop ili tu muweze kuingia mahali pasipo na ulinzi.

Ushauri wangu ni huu, na najua wapo mafundi watakaobisha: acha kuhangaika kuifungua laptop kutoka Linux. Chagua mashine moja iwe ghala, nyingine zote ziende kwake kupiga hodi. Ghala liwe ile ya mezani. Laptop inaondoka na mwenyewe asubuhi, inalala ikifunikwa, inabadilisha wifi ofisini. Ya mezani haitoki nyumbani. Ukishakubali hivyo, suala lote la PIN linakufa, maana anayeulizwa jina na nywila ni Linux, na majina ya Linux unayaweka wewe.

Programu ya kazi hiyo inaitwa Samba. Si simba, wala haihusiani na kusambaa, ingawa kazi yake ni hiyo hiyo. Mwanafunzi wa Australia, Andrew Tridgell, alitoa toleo lake la kwanza mwanzoni mwa 1992 akiwa chuo kikuu Canberra. Hakupewa kitabu cha itifaki ile. Alikaa akisikiliza mazungumzo ya kompyuta kwenye waya na kuyaiga, kama mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mgahawani na kuangalia nani akisema nini analetewa nini. Jina alilipata kwa kuiagiza kompyuta itafute kwenye kamusi maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Kwa hiyo ukisikia kwamba Linux na Windows haziongei lugha moja, jibu ni kwamba zimekuwa zikiongea kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kaa kwenye ya mezani, fungua terminali. Nachukulia jina unaloingilia ni mwalimu; kama ni jingine, weka lako kila nilipoandika hilo. Andika mstari mmoja, bonyeza Enter, subiri, kisha unaofuata:

sudo apt install samba
sudo mkdir -p /srv/familia /srv/mitihani
sudo chown mwalimu: /srv/familia /srv/mitihani
sudo chmod 700 /srv/mitihani
sudo adduser nyumba

Umeweka Samba, umetengeneza folda mbili, moja ya watu wote wa nyumbani na moja yako peke yako, na umeongeza mtumiaji aitwaye nyumba ambaye mume na watoto watamtumia. Ukiulizwa namba ya simu na chumba cha huyo nyumba, bonyeza Enter tu.

Mistari miwili inayofuata ndiyo wengi wanairuka, halafu wanaandika barua kwa watu kama mimi:

sudo smbpasswd -a mwalimu
sudo smbpasswd -a nyumba

Samba haitumii nywila unayoingilia Linux. Linux huhifadhi nywila zake kwa namna ambayo Windows haiwezi kuitumia kujitambulisha, hivyo Samba ina daftari lake pembeni. Mtu asiyeandikwa kwenye daftari hilo atakataliwa hata kama nywila yake ya Linux ni sahihi mpaka herufi ya mwisho. Unaweza kuweka nywila ile ile mara zote mbili, lakini lazima uiandikishe. Na usishtuke ukiandika kioo kikabaki kitupu. Kinakuficha dhidi ya wachunguliaji.

Kisha fungua faili la mipangilio:

sudo nano /etc/samba/smb.conf

Usiguse yaliyomo. Shuka mpaka chini kabisa, ongeza haya:

[familia]
path = /srv/familia
valid users = mwalimu, nyumba
force user = mwalimu
read only = no

[mitihani]
path = /srv/mitihani
valid users = mwalimu
read only = no

Hifadhi kwa Ctrl na O, Enter, toka kwa Ctrl na X. Ule mstari wa force user una kisa chake. Bila huo, mume wako akiingia kama nyumba ataiona folda ila hataweza kuweka picha hata moja, maana folda yenyewe ni mali ya mwalimu. Kwa mstari huo, kila kinachoingia familia kinakuwa chako, aliyekileta awe nani. Akiuliza, mwambie ni mambo ya kitaalamu.

Andika testparm. Ikilalamika, inakuonyesha mstari uliokosewa, mara nyingi ni herufi moja. Isipolalamika, washa upya na uulize anwani:

sudo systemctl restart smbd
hostname -I

Itakujibu kitu kama 192.168.1.20. Kwenye laptop, fungua dirisha lolote la mafaili, bofya pale juu panapoonyesha njia, futa yaliyopo na uandike \\192.168.1.20\familia, mikwaju yote ikilala kinyumenyume. Utaulizwa jina: nyumba. Nywila: ile ya smbpasswd. Weka tiki ya kukumbuka, na folda itafunguka ikiwa tupu, safi. Tupia picha moja humo, nenda mezani ukaitazame kwenye /srv/familia. Mimi mpaka leo nikiona hilo linatokea nafurahi kama mtoto.

Isipofunguka, usirudi kwa fundi bado. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ping 192.168.1.20. Kukiwa na kimya, tatizo ni njia: angalia kama laptop haipo kwenye wifi ya wageni, maana ruta nyingi huzuia vifaa vya wageni visionane, na hilo limewapotezea watu jioni nzima. Ping ikijibu lakini folda ikagoma, kumbuka kama kijana aliwasha ngome (firewall) ya Linux. Kama aliiwasha, sudo ufw allow Samba itaifungulia Samba peke yake. Na ikiwa ilifunguka wiki nzima kisha ikapotea ghafla, ruta imeipa kompyuta anwani nyingine baada ya umeme kukatika. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uifungie ya mezani anwani yake isibadilike.

Kuna kero moja itakayokupata wewe hasa. Windows haikubali mtu mmoja aende kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mume wako akiwa ameingia kama nyumba, nawe kwenye laptop hiyo hiyo ukataka mitihani kama mwalimu, utapata ujumbe mrefu wa kukukatalia. Njia ya haraka ni kuandika net use * /delete kwenye dirisha la amri na kuanza upya, ingawa ile nywila iliyokumbukwa inaweza kurudi na kukusumbua. Njia nzuri ni uwe na akaunti yako mwenyewe ndani ya Windows ya laptop, uingie kwa jina lako usiku unapotunga. Ningekuambia hivyo hata kama Samba isingekuwepo. Mitihani haikai kwenye akaunti ya mtu mwingine, hata awe baba watoto.

Mafaili yako yape majina ya kawaida. Linux itakuruhusu kuita faili "Mtihani: Kidato cha 2", lakini nuktambili hairuhusiwi Windows, na ukilitafuta kwenye laptop utakuta jina limesagwa, herufi chache na kiwimbi katikati. Alama ya kuuliza na kinyota ni vivyo hivyo. Halafu kwa Linux "Ripoti" na "ripoti" ni watu wawili, kwa Windows ni mtu mmoja. Usiweke vyote viwili folda moja.

Ukiwa umefungua mtihani kutoka kwenye laptop na umeme ukakatika, laptop itabaki hai kwa betri lakini ghala limezimika. Usifunge dirisha kwa hasira. Hifadhi nakala kwenye laptop yenyewe kwa jina jingine, uirudishe umeme ukiwaka. Tena kila mwisho wa mwezi nakili folda zote mbili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe uiweke kabatini. Mafaili yaliyo kwenye folda ya pamoja ni nakala moja tu, na mtoto akifuta kitu kupitia mtandao hakiendi kwenye pipa la taka la laptop, kinakwenda moja kwa moja.

Sasa ile fleshi ya tatu. Natumaini hujaifuta, na tafadhali usiichomeke tena kwenye laptop. Kirusi cha namna hiyo kwa kawaida hakili folda. Kinazificha, kisha kinaweka shotikati zenye majina yale yale ili ukibofya ukisaidie kusambaa. Mafaili hayo yametengenezwa kwa ajili ya Windows, na alama ya kuficha inayotumika humo Linux haiijali. Ichomeke kwenye ya mezani. Utaona shotikati zote, na pembeni yake folda zako halisi. Usipoziona, tafuta folda isiyo na jina kabisa, kama nafasi tupu iliyobofyeka. Mara nyingi zimerundikwa humo. Nakili mtihani wa Kidato cha Pili peke yake uuweke /srv/mitihani, usichukue kitu chochote kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe, kisha ifute fleshi yote hapo hapo ukiwa Linux. Ukishamaliza, chapa. Printa iko hapo pembeni.